Paswadi za Maabara Nzima Kichwani Mwangu

Binti yangu ndiye aliyenikataza kuandika majina. Alisema, "Baba, watakupeleka kortini na huna hata mbuzi wa kuuza." Basi majina nimeacha, lakini wakosaji nitawataja kwa kazi zao, na wakisoma watajijua. Wa kwanza ni meneja wa maabara. Wa pili ni mwenye shule moja ya kibinafsi iliyokuwa karibu na Ngong Road. Wa tatu ni mimi. Hilo nalisema mapema, nisije nikaonekana kama najificha nyuma ya wenzangu.

Kazi yangu ilikuwa chai na bahasha. Maabara yetu ilikuwa Upper Hill, chini kabisa ya jengo la ghorofa nne, na tulipima damu, mkojo, makohozi, kila kitu ambacho mtu hutoa akitumwa na daktari. Asubuhi nilichemsha chai. Saa nne nilianza kupeleka majibu: kwa madaktari wa hapo kilimani, kwa ofisi za bima katikati ya mji, siku nyingine mpaka Westlands. Kwa miguu, si kwa kingine. Shule niliiacha darasa la nne, kwetu Ukambani, mwaka wa njaa, lakini kichwa Mungu alinipa. Nikiwa mdogo nilitumwa sokoni na akina mama wa maboma sita, bila karatasi: huyu chumvi, yule mafuta ya taa chupa mbili, yule dawa ya kuku. Sikuwahi hata siku moja kumpa mtu chumvi ya mwenzake.

Mwenye maabara alikuwa daktari mzee, Kalasinga, kilemba cha samawati, ndevu nyeupe, mke alishafariki. Alizaliwa hapa hapa Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji na duka. Hakuwa akisalimu kama watu. Aliuliza, "Wewe kwisha kula?" Ukisema bado, alikukatia nusu ya chapati yake ya viazi na kukuwekea achari inayochoma mpaka masikio. Nilimpenda mzee yule, na yaliyotokea hayakunipunguzia.

Kulikuwa na fundi wa darubini, mcheshi, mtu wa kuamka na mzaha mdomoni. Kulikuwa na meneja, mtu wa suti na marashi, aliyejua wakubwa wote wa mji au alisema anawajua. Na mapokezi alikaa msichana wa kwetu, Ukambani. Yeye aliniita anko, ingawa hatukuwa na undugu wowote zaidi ya kupanga vyumba Kangemi, ploti yake na yangu zikitenganishwa na mfereji. Alikuwa na mwanya wa mbele, na akicheka aliufunika kwa faili la mgonjwa aliyekuwa anamhudumia. Barua za shule ya binti yangu alinisomea yeye. Alisoma, na zile sehemu ambazo shule ilinionea huruma kama maskini akaziruka. Nilijua anaziruka, naye alijua najua.

Kisha wakaja watu wa leseni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kompyuta zilikuwa zimeingia ofisi nyingi lakini heshima yake haijafika. Kwetu kila skrini ilikuwa imebandikwa kikaratasi chenye paswadi, kubwa, mpaka mgonjwa akiketi kwenye benchi aliweza kuisoma. Mkaguzi mmoja, mama mnene wa miwani, alivitazama vile vikaratasi halafu akamwambia daktari, "Hapa watu wanaweka damu na aibu zao. Hamwezi kuacha mlango wazi hivi."

Wakaacha sheria. Majibu ya virusi vya ukimwi yasiwe na jina, yawe na nambari tu. Orodha ya kuonyesha nambari gani ni ya nani ikae kwenye kompyuta mbili, ya mapokezi na ya daktari, basi. Hata meneja asiifungue. Kila mtu awe na paswadi yake, abadilishe kila mwezi, asimwambie mwenzake, na isiandikwe mahali popote. Fundi wa kompyuta akatumwa kutoka mjini, akapita akivibandua vile vikaratasi na kuvirarua mbele yetu kama mwalimu wa zamu.

Watu walielewa kwamba isiandikwe. Hakuna aliyewakataza kuitunza kwenye kichwa cha mtu wa chai.

Aliyeanza ni daktari mwenyewe. Mwezi wa pili wa ile sheria alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima imemkatalia. Akaniita, akafunga mlango. "Wewe kichwa yako iko mzuri," akasema. "Mimi nasema neno, wewe weka. Mimi nikisahau, nauliza." Neno lenyewe lilikuwa jina la marehemu mkewe, na nambari mbele yake. Kila mwezi alibadilisha nambari tu. Alilitamka polepole, akitazama dirishani, na mimi nikaliweka pale ninapoliweka jina la mama yangu. Sitaliandika.

Halafu fundi wa darubini. "Mzae, si unishikie kitu?" Zake zote zilikuwa matusi ya kumtukana meneja. Mwezi mmoja ilikuwa tumbokubwa na tano, mwezi uliofuata marashimengi na nane. Nilikuwa namwambia, "Siku moja utaandika vibaya mashine imwambie mwenyewe," naye anajibu, "Akijitambua si makosa yangu."

Na msichana wa mapokezi. Zake zilikuwa chakula, kila mwezi chakula.

"Anko, mwezi huu ni madondo saba."

"Maharagwe tena? Si ungeweka hata nyama?"

"Nyama nitaweka nikiongezwa mshahara. Kwa sasa kaa na madondo."

Jumatatu asubuhi alikuwa amesahau. Aliegemea kaunta, ananong'ona, "Anko, tulisema nini?" Nami namwekea kikombe mbele yake na kumnong'oneza. Kila mmoja wao aliamini ni yeye peke yake aliyenipa. Mimi sikumwambia yeyote kwamba ninazo za wote. Kusema kweli nilijivuna. Kwenye ofisi ile yenye watu wa vyeti ukutani, mimi wa darasa la nne ndiye niliyefungua milango yote, na hakuna aliyejua. Niliosha vikombe huku nikizipitia moja moja kichwani, nikicheka peke yangu.

Meneja alikuwa ameona. Zile Jumatatu za kunong'ona aliziona.

Msichana alikuwa mtu wa maombi ya saa ya chakula. Saa saba alishuka mjini kwenye ukumbi wa maombi, hali chochote, anarudi saa nane uso unang'aa. Jumanne moja alipokwisha kuondoka, na daktari amekwenda hospitalini, meneja alikuja kwangu jikoni.

"Mzee, huyu dada amefunga mashine, na watu wa bima wananipigia kelele. Anatumia neno gani?"

"Mimi sijui mambo ya kompyuta, bosi."

"Wacha mchezo. Si kila Jumatatu anakuuliza? Ni ripoti moja, dakika mbili. Ama unataka nimwambie daktari mnawekeana siri za maabara?"

Nikamwambia. "Matumbo tisa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Matumbo! Huyu msichana ana njaa kweli kweli." Na mimi nikacheka naye. Kwa yote niliyofanya, kile kicheko ndicho kinachoniamsha. Halafu akasema nimletee chai ya tangawizi kule mapokezi, nikampelekea. Printa ilikuwa inalia. Nikamsogezea sukari.

Alhamisi asubuhi aliingia mwalimu. Mama wa miaka arobaini hivi, sketi ya kijivu, mkoba wa vitabu begani. Hakupiga foleni, alisimama kaunta na kusema kwa sauti ya chini, ile ya kunyamazisha darasa, "Nataka kumwona mwenye muhuri huu." Akaweka karatasi. Ilikuwa majibu yake ya virusi, majina yake yameandikwa juu yote matatu, na chini muhuri wetu. Alikuwa amekuja kupimwa kwa hiari yake, kwa fedha yake, hakumwambia hata dada yake. Jana yake mwenye shule alimwita, akamwonyesha karatasi ile mbele ya naibu, akasema wazazi wakijua watawahamisha watoto. Akamtaka awe amemaliza kukusanya vitu vyake kabla ya mapumziko ya saa nne.

Daktari alitoka mwenyewe. "Madam, kaa chini." Mwalimu hakukaa. Akasema aliyotaka kusema, akaenda zake, na karatasi akatuachia.

Fundi wa kompyuta aliitwa mchana huo huo. Kumbe ile mashine ilikuwa ikiandika kila anayeingia, kama askari wa getini na daftari lake. Akasoma: Jumanne, saa saba na dakika kumi, mapokezi, orodha ya majina imefunguliwa, karatasi moja imechapwa. Tukaitwa wote ofisini kwa daktari. Mimi nilikuwa nimeshika trei.

"Mashine haidanganyi," meneja akasema.

"Saa saba mimi nilikuwa maombi, mjini," msichana akasema. "Watu zaidi ya mia wameniona."

"Watu wa maombi hufunga macho," meneja akamjibu.

Fundi wa darubini akacheka kabla hajajizuia. Msichana hakucheka. Alinitazama mimi, mara moja tu. Nikajifanya nadhani anataka maji. Nikatoka, nikamletea maji.

Daktari alimpa mpaka Jumamosi saa sita aandike barua ya kujitetea. Akishindwa, ataandika kwa watu wa leseni kwamba yeye ndiye aliyetoa siri ya mgonjwa, na kila mtu pale alijua maana yake: hakuna maabara, hakuna hospitali, hakuna duka la dawa litakalompa kiti tena. Nyumbani alikuwa akisomesha ndugu wawili.

Na mimi nikanyamaza. Sababu ninazo, na wakati ule zilionekana nzito. Nina mke na watoto kijijini. Ofisi yoyote ikipotewa na kitu, polisi huanza na mtu wa chai. Na nikisema, lazima niseme na za wengine, pamoja na ile ya daktari. Ijumaa meneja alinikuta kwenye kipito, akanitia kadi ya simu mfukoni. "Ongea na familia, mzee." Nikaichukua. Nikaikwaruza. Nikampigia mke wangu kupitia simu ya jirani, nikangoja aitwe. Nikamwuliza kama mvua imenyesha.

Ijumaa ile msichana hakunywa chai yangu. Alifuta kaunta, akaandika barua, akaichana, akafuta kaunta. Jioni tulirudi Kangemi kwa barabara ile ile, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana.

Jumamosi saa mbili daktari alinipa bahasha ya kupeleka Woodley, kwa mwalimu. Barua ya kuomba radhi, aliiandika kwa mkono. Nilitembea Ngong Road yote nimeishika kifuani. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za zamani za kaunsili, ua wa miiba ya kaiyaba, kamba ya nguo yenye blauzi mbili. Aliisoma barua amesimama mlangoni. Akaikunja.

"Na wewe umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, mwalimu."

"Basi ingia unywe chai."

Akamimina vikombe viwili kutoka birika moja. Chake hakukigusa. Akakaa akitazama changu. "Wiki hii wote waliofika hapa wametoka kunywa sasa hivi," akasema. "Hata dada yangu. Ametoka kunywa."

Nikanywa. Nikamaliza, nikaomba cha pili, na si kwa kiu. Ndipo naye akainua chake. Mimi nilikuwa nimepikia watu chai miaka yote ile, na sikumbuki mtu aliyenipikia nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye kitambaa.

"Ni yule msichana wa mapokezi?" akaniuliza.

"Wanasema ni yeye."

"Siku niliyochukua majibu alitoka nyuma ya kaunta. Akanishika mkono mpaka kwenye ngazi, hakusema kitu. Hakuniambia Mungu yupo wala nini. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeniuza?"

Nikaweka kikombe chini. "Si yeye, mwalimu. Neno la kufungulia nililitoa mimi. Nilimpa meneja."

Nilingoja anipige. Alinitazama kama walimu wanavyomtazama mtoto aliyekuja na jibu baada ya mtihani kukusanywa.

"Hilo umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi si wa kuambiwa. Mimi limeshanipata." Akachukua vikombe vyote viwili, akasimama. "Rudi huko kabla saa sita haijafika."

Nilirudi nusu mbio. Barua ya msichana ilikuwa tayari mezani kwa daktari, na yeye mwenyewe amekaa nje kwenye benchi la wagonjwa. Nikampita bila kumtazama, nikafunga mlango.

"Daktari, Jumanne mimi ndiye nilimpa meneja paswadi ya mapokezi."

"Wewe iko na yake pia?"

"Ninazo zote."

"Zote?"

Nikazitaja, moja moja, vile nilivyokuwa nikitaja mizigo ya akina mama nikirudi sokoni. Tumbokubwa na marashimengi pia zikatoka, na siku nyingine mzee angecheka. Nilipofika kwenye yake nikanyamaza. Akavua miwani.

"Mimi nilijua," akasema. "Mtu kama iko na yangu, iko na ya wengine. Mimi hapana taka kujua."

Akamwita meneja. Meneja alisikiliza amesimama, mikono mfukoni, halafu akatabasamu. "Daktari, utaniweka kwenye mizani na mtu wa darasa la nne?"

"Huyu ya darasa la nne amebeba mlango yangu miaka miwili, hapana angusha," mzee akasema. "Wewe, mlango moja, siku moja. Wewe ilisoma miaka ngapi?"

Meneja akachukua koti lake. Alisema tutaonana kortini, na hatukuonana. Polisi hawakumtafuta. Baadaye nilisikia ya kwamba mwenye shule alikuwa rafiki yake, na alitaka kujua waalimu wake "wako aje". Shule bado ipo, mabasi yake ni ya manjano, yanapita Ngong Road na watoto wanaimba ndani. Na meneja, nisikieni: mwaka juzi nimeona picha yake kwenye bango nje ya hoteli Westlands, amefunga tai, anafundisha makampuni jinsi ya kulinda siri za wateja. Kiingilio hakikuwa cha mtu kama mimi. Nilisimama pale mpaka askari akaniuliza nangoja nani.

Mwalimu hakurudi shule yoyote. Alianza kufundisha watoto sebuleni kwake, kwanza wawili, halafu ua ule wa kaiyaba ukajaa viatu. Ukitaka kujua aliyenifundisha kuandika sentensi ndefu ukubwani, basi ndiye. Alinitoza kwa kukata ua.

Mimi daktari aliniachisha kazi Jumamosi ile ile. Barua ya watu wa leseni ilikuwa lazima iseme mtu ametoka, na kuhusu msichana ilisema hana kosa. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashindwa na Kiswahili, akanena maneno ya kwao. Jumatatu fundi wa kompyuta alibadilisha paswadi zote. Za zamani zikabaki nami, funguo za nyumba iliyobomolewa.

Jumamosi ile nilikusanya vitu vyangu, ambavyo vilikuwa kikombe na kandambili, nikatoka. Nilikuwa nimefika getini niliposikia viatu vya msichana nyuma yangu. Alikuwa amebeba sweta yangu, niliyoiacha kwenye msumari wa jikoni. Ameikunja vizuri.

Nikadhani atanishukuru. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

"Anko," akasema, "mimi nilijua ni wewe ulitoa. Nilijua tangu Alhamisi. Hakuna mwingine niliyemwambia."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema wangekufunga. Wewe ndiye wangeanza naye, si meneja. Nikasema wacha nimngoje aseme mwenyewe." Alikuwa bado ameishika ile sweta. "Nikangoja Alhamisi. Nikangoja Ijumaa. Tukarudi nyumbani njia moja, nikatembea polepole makusudi, nikidhani utanifikia. Siku tatu, anko."

Askari wa getini alijifanya anasoma daftari lake. Mimi nilitafuta neno. Kichwa kile kilichobeba vya maboma sita na vya maabara nzima hakikuwa na kitu.

Akanitupia sweta mabegani, kwa hasira, kama mtu anayemvisha mtoto mkaidi. Halafu mkono wake ukaona kola imekunjamana, ukainyoosha.

"Vaa," akasema. "Kuna baridi." Na akarudi ndani, maana kulikuwa na wagonjwa wanangoja.